Taa ya Saba na Furushi la Bi Mwanaidi

Vijana mnaofanya kazi za kompyuta, nimewasikia. Hapa Madale siku hizi kila mtaa una kijana mwenye kompyuta ya kupakata na uso wa mtu aliyefiwa, na ukimuuliza kulikoni anakuambia programu ya zamani imegoma kufunguka kwenye mfumo mpya. Anakueleza kana kwamba jambo hilo limemtokea yeye wa kwanza duniani. Kisha anaongeza, kwa sauti ya kumhurumia mzee, kwamba nyie wa zamani hamkuwa na matatizo haya. Ni kweli, mwanangu. Sisi tulizaliwa na mifumo inayotii.

Kazi hiyo ya kuibembeleza programu ya zamani ikubali kuishi ndani ya mashine mpya niliifanya kabla wengi wa wazazi wenu hawajaoana. Ilikuwa zama za Ujamaa, kwenye shirika moja la umma upande wa Temeke. Jina la shirika nalihifadhi, kwa kuwa baadhi ya tuliokuwa nao bado wako hai na bado wana midomo. Kazi yetu ilikuwa kusambaza dawa kwenye zahanati za vijijini. Kila mwezi mashine ilitoa orodha: zahanati fulani, makopo kadhaa ya klorokwini, bandeji kadhaa, lori fulani. Dereva alipewa karatasi yake, akapakia, akaondoka. Karatasi ikikosea, dawa zinafika pasipo na wagonjwa, na wagonjwa wanabaki pasipo na dawa. Hilo liwekeni akilini, maana sisi wenye viti vya kuzunguka tulilisahau mara nyingi.

Mashine yetu ya kwanza tuliiita Bibi. Ilijaza chumba kizima na haikuwa na kioo cha kutazamia. Ilikuwa na safu ya taa ndogo tu, na chakula chake kilikuwa kadi za karatasi ngumu zenye matundu. Programu nzima ya dawa ilikuwa maboksi mawili ya kadi. Bibi hakupenda joto, kwa hiyo chumba chake kilikuwa na kiyoyozi, cha pekee katika jengo zima, na kila mkubwa wa shirika alikuwa na jambo la dharura la kulifuatilia humo ikifika saa saba mchana. Sijapata kuona watu wakiipenda sayansi kiasi kile.

Aliyemwendesha Bibi alikuwa Bi Mwanaidi, mwenyeji wa Mtoni, mtu wa pwani hasa, mwenye maneno machache na jicho la kukupima. Aliingia shirikani kama mpiga kadi, yaani mtu wa kutoboa matundu kwa mashine mfano wa taipureta, na kwenye faili lake cheo kilibaki karani mpaka mwisho. Mumewe alikuwa ameshafariki. Alikuwa na watoto wanne, wote wanasoma, na mshahara uliokuwa ukiingia nyumbani kwake ulikuwa huo mmoja.

Mimi nilikuwa mtaalamu. Nilitoka Masasi nikiwa na viatu vya mpira, nikapelekwa ng'ambo miezi tisa, nikarudi na tai, na nikawa natamka maneno puani. Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba boksi la programu ili kuwaonyesha watu namna linavyobebwa kitaalamu, nikajikwaa kwenye waya, na kadi zote zikamwagika sakafuni. Mnaofuta mafaili yenu kwa bahati mbaya mna kitufe cha kurudisha. Mimi nilikuwa na sakafu nyeupe kwa kadi, mamia kwa mamia, na kila moja lazima irudi mahali pake, la sivyo programu inakuwa upuuzi mtupu.

Bi Mwanaidi alichuchumaa, akanionyesha kingo za juu za kadi. Kumbe boksi lote lilikuwa limepigwa mstari mmoja wa penseli, wa mshazari, kutoka kadi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kila kadi ilikuwa na alama ndogo mahali tofauti kidogo na jirani yake. Unazipanga mpaka mstari unyooke, basi, programu imerudi. Tulimaliza kabla ya chai. Katika miezi tisa ya ng'ambo hakuna aliyenifundisha mstari wa penseli.

Ni yeye pia aliyenifundisha kwamba wakati wa masika kadi zinanyonya unyevu na kuvimba, na ukizilisha mashine hivyo hivyo zitakwama na kuchanika. Lazima zilale kwenye chumba cha kiyoyozi siku nzima kwanza. Mtaalamu wa kigeni aliyekuja kwetu kwa ziara aliandika ripoti kwamba kadi za Afrika ni hafifu. Zilikuwa zinatoka kwao.

Basi, ukaja mwaka wa mashine mpya. Wafadhili walituletea, wakapigwa picha nayo, wakaondoka. Tuliiita Mgeni. Meneja wetu, mtu aliyeweza kuhutubia hata akiagiza chai, alituita wote kwenye ukumbi na kutangaza zama mpya. Alizungumza sana juu ya kujitegemea, akiwa amesimama mbele ya mashine ya msaada. Kisha akafika kwenye shabaha yake.

"Ndugu zangu, mashine hii haihitaji mikono," alisema. "Siku programu ya dawa itakapokwenda humu yenyewe, bila mtu kuisimamia, chumba cha kadi tutakifunga."

Watu walimtazama Bi Mwanaidi, naye akawa anatazama mikono yake. Kazi ya kuifanya programu iende yenyewe nilipewa mimi. Kwa maneno mengine nilikabidhiwa riziki ya mama yule na watoto wake wanne, na kwa namna nilivyokuwa kijana mjinga, kilichonijia kichwani ni kwamba hatimaye nimepata kazi inayolingana na tai yangu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo shida yenu na yangu zinapofanana. Ndani ya Bibi, programu ilikuwa peke yake. Ikiingia, mashine yote ni yake, ikitaka kusimama inasimama, ikitaka kuendelea inaendelea. Ndani ya Mgeni kulikuwa na programu kubwa iliyozitawala programu nyingine zote. Nyie mnaiita mfumo endeshi. Sisi tuliiita Msimamizi, kwa sababu ilikuwa na tabia zote za wasimamizi: haifanyi kazi yoyote inayoonekana, inataka kuombwa ruhusa kwa kila jambo, na ukinyamaza kidogo inakuhesabu umekufa.

Hilo la kunyamaza ndilo lililotumaliza. Programu yetu ya zamani ilikuwa na mahali inasimama katikati ya safari na kuwasha taa ya saba. Kwa Bibi ilikuwa inasimama hapo hata robo saa, kisha inaendelea. Kwa Mgeni ilikuwa ikisimama tu, Msimamizi anaikuta kimya, anaitupa nje, na kuandika kwa herufi kubwa kwamba kazi imekufa. Nilijaribu wiki ya kwanza, ikafa. Wiki ya pili ikafa. Aliyeandika programu ile alikuwa mzungu mmoja aliyeondoka zamani bila kuacha maelezo yoyote, zaidi ya maboksi mawili na chupa tupu nyuma ya kabati.

Mtu mwenye akili angemgeukia mwanamke aliyekaa hatua kumi kutoka kwake na kumuuliza, Bi Mwanaidi, shikamoo, hii taa ya saba ni ya nini? Mimi nilikuwa na shahada ya miezi tisa. Nilitafuta amri yenyewe ya kusimama, tundu kwa tundu, nikaipata, nikaiziba. Nilitoboa kadi mpya inayosema endelea pale palipokuwa panasema simama. Nikaipeleka kwa Mgeni, ikaenda moja kwa moja mpaka mwisho, ikatoa orodha ndefu safi. Niliwanunulia wenzangu soda.

Ni vizuri kwamba nilikuwa na woga kidogo. Nilichukua orodha ya Bibi ya mwezi ule ule na ya Mgeni, nikazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha ili jua lipite, kuona kama maandishi yanalaliana. Fanyeni hivyo hata leo, kwa njia zenu za leo: ya zamani na mpya, mstari kwa mstari, kabla hamjajisifu. Mistari mingi ililaliana. Lakini zahanati kumi na kitu hazikulaliana. Bibi alisema dawa ziende huku, Mgeni akasema ziende kule. Programu ni ile ile, kadi ni zile zile. Nilikaa mbele ya dirisha lile siku tatu, na watu wa ghalani wakaanza kuulizana kama nimechanganyikiwa.

Siku ya nne nilikwenda kumuuliza Bi Mwanaidi. Aliniacha nisimame kwanza.

"Wiki zote hizi nakuonaga unahangaika," aliniambia. "Nikawa najiuliza, huyu mdomo wake una nini?"

Alifungua mtoto wa meza akatoa furushi la kadi, si nene, limefungwa kwa kipande cha kanga. Akanieleza. Mzungu alipoandika programu aliweka vijiji vyote ndani yake, kila kimoja mahali pake, na kuvibadilisha humo kila mara haikuwezekana. Halafu nchi ikahama. Watu walitolewa walikokuwa wakakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, vingine vikahamishwa mara ya pili kwa sababu aliyepanga mara ya kwanza hakuwa ameuliza maji yako wapi. Kwa programu, kijiji kilikuwa pale pale porini kilipoachwa. Kwa hiyo yeye na mzungu walikubaliana: katikati ya safari mashine isimame, iwashe taa ya saba, na Bi Mwanaidi aingize kadi za masahihisho. Ndilo furushi lile. Lilikuwa halimo kwenye kitabu chochote, na programu nzima ilikuwa inategemea lile.

Nilinyoosha mkono. Hakunipa.

"Nikikupa hii si ndo chumba kinafungwa?"

Nilimwambia la hasha. Nikamwambia nitakwenda kwa meneja mwenyewe, nitamweleza kwamba kazi hii haiwezi kufanyika bila yeye, kwamba nitamtetea. Nilisema kwa moyo wangu wote, na nadhani siku ile niliamini. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniwekea furushi mkononi.

Kadi zile nilizinakili zote kwenye diski ya Mgeni. Nikafundisha programu kwamba ikifika kwenye taa ya saba isisimame, isome masahihisho kutoka kwenye diski, iendelee. Nilibandika tena karatasi kwenye kioo cha dirisha. Zikalaliana zote. Hilo ndilo kosa langu, na kama mmelala amkeni. Nilichukua kitu ambacho mtu alikuwa anakifanya kila mwezi, nikanakili alivyokifanya mwezi mmoja, nikadhani nimeshakimaliza.

Siku ya kuonyesha mashine kwa wakubwa, meneja alivaa suti yake mpya na wageni wakajazana kwenye ubaridi. Programu ilikwenda vizuri kabisa. Meneja akanigeukia mbele ya watu wote akauliza swali moja tu.

"Ndugu mtaalamu, inahitaji mtu?"

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kama mtu anayekwenda harusini. Nilikuwa nimeandaa maneno. Lakini kulikuwa na wageni, kulikuwa na mpiga picha, na kama ningesema inahitaji mtu basi ningekuwa sijafanya nilichotumwa.

"Haihitaji, Ndugu Meneja."

Wakapiga makofi. Mwisho wa mwezi Bi Mwanaidi alipewa barua ya kupunguzwa kazini, yenye shukrani mstari mmoja, na doti ya kanga. Mimi nilipewa cheti chenye fremu na nyumba ya shirika Kinondoni. Wakati anaondoka alipita mezani kwangu, akaniaga kwa adabu zote, na adabu ile iliniuma kuliko matusi.

Masika yalikuja. Kijiji kimoja cha bondeni, kusini huko kupita Chamazi, kililiwa na maji, na watu wakahamia kwenye mwinuko. Mgeni hakuwa na habari. Aliandika orodha yake safi, lori likapakia, dereva akafika kwenye zahanati yenye maji mpaka dirishani, akageuza. Baadaye nesi wa kijiji kile alikuja ofisini kwa miguu na kwa malori ya kuomba, viatu mkononi, kutuuliza wamekosa nini. Alikuwa na watoto wenye homa na hana kidonge hata kimoja. Meneja alimweleza kwa kirefu faida za mashine za kisasa. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena dawa ziko wapi.

Dawa zake zilikwenda siku ile ile, mimi mwenyewe nikakaa mbele na dereva. Nikiwa njiani nilimuuliza dereva, Bi Mwanaidi alikuwaga anajuaje vijiji vilivyohama. Dereva akashangaa kwamba sijui. Alinieleza kwamba kila walipokuwa wanarudi safari walipitia kwanza chumba cha kadi kusalimia, na yeye alikuwa anawauliza: fulani wamehama? Daraja lipo? Nesi mpya ameshafika? Alikuwa anaandika kwenye daftari la shule. Furushi lile lilikuwa linabadilika kila mwezi, mimi nikaligeuza jiwe. Dereva akaongeza kwamba hata sasa bado wanampitia nyumbani Mtoni, kwa mazoea tu, na yeye bado anaandika.

Nilikwenda Mtoni Jumamosi. Nilimkuta barazani anachambua mchele, nikamwamkia, akaitikia marahaba kama vile nimetoka jana. Sikuzunguka. Nilimwambia nahitaji daftari. Hakunicheka, ingawa ningemwelewa.

"Nitakupa," alisema. "Ila nataka barua. Umwandikie meneja kwamba kazi hii naifanya mie, anirudishe. Hicho tu."

Niliahidi. Akanisomea masahihisho ya mwezi, nikayaandika, nikarudi nikayaingiza kwenye diski, na orodha ikatoka sawa. Mwezi uliofuata nikaenda tena, na uliofuata tena. Nilikuwa nakaa kwenye mkeka wake na karatasi ndefu, naye anapitisha kidole mstari kwa mstari: hawa wamehama, hawa wapo, huyu nesi ameolewa yuko Tegeta, mpya hajafika. Watoto wake wawili waliacha shule katika kipindi hicho, kwa kuwa hapakuwa na ada. Wakawa wanauza vitumbua. Nilikuwa navila.

Kuhusu barua, kila mara nilikuwa na sababu. Meneja yuko safarini. Meneja ana hasira. Ngoja mkutano wa bodi upite. Ukweli ni kwamba barua ile ingesema kwamba mashine inahitaji mtu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mpiga picha nikasema haihitaji. Siku moja walikuja wataalamu kutoka nchi jirani kujifunza kwetu. Mmoja wao, kijana mjanja, akaniuliza mfumo wangu unajuaje kijiji kimehama. Nilimjibu kwamba ni mfumo wa hali ya juu. Aliandika hivyo kwenye daftari lake, na kwa wino mwekundu akayapigia mstari.

Niliyaona maisha yangu yakipanda kwa kidole cha mtu mwingine, na nikaendelea kupanda. Nawaambia haya nyie mnaoketi kwenye mikutano mkisema mfumo wetu hauhitaji mtu. Mtafuteni huyo mtu. Yupo. Pengine ndiye anayewaletea chai.

Meneja alihamishwa mwishowe, akaenda kuhutubia shirika lingine. Akaja mwingine asiyemjua yeyote na asiyeijali picha yangu ukutani. Hapo ndipo nilipoandika barua, siku ambayo haikuwa tena na hatari kwangu. Kabla ya kuipeleka nilikwenda Mtoni nimsomee, kwa kuwa nilitaka ashukuru. Aliichukua, akaisoma mwenyewe polepole, kidole kikipita kwenye mistari. Nilikuwa nimeandika kwamba katika miaka hiyo yote Bi Mwanaidi alinisaidia sana katika kazi yangu. Kidole kikasimama hapo.

"Hapa umekosea," alisema. "Mie sikukusaidia. Wewe ndo ulikuwa unanisaidia mie. Kapige upya."

Nikapiga upya, kama alivyosema. Meneja mpya alijibu ndani ya wiki, kwa mistari miwili: ofisi inatambua mchango wake, ila umri wake wa kuajiriwa umeshapita. Ulipita miezi mitano nyuma. Nilihesabu mara tatu nikitafuta kosa, na kosa halikuwepo kwenye hesabu.

Nilimpelekea jibu lile Jumamosi. Njiani nilikuwa natunga maneno, na nilipofika yote yakanitoka. Alilisoma, akalikunja mara mbili, akaliweka chini ya sinia la mchele. Kisha akafuta mikono kwenye kanga na kunyoosha mmoja kwangu.

"Lete orodha," alisema. "Mvua zimeanza, wale wa mwinuko wameshuka tena kulima bondeni."

Nilimpa, na sikuweza kumtazama usoni.